Kilomita Saba, Pamoja na Mama

6 Januari

Mjomba, shikamoo.

Natumaini duka limefungua mwaka vizuri na mgongo haukusumbui. Sisi wawili tu wazima. Mama kikohozi kimemwachia, na amepata tenda ya kushona mapazia ya ukumbi wa mikutano, madirisha ishirini na manane. Lile paa la jikoni ulilotutumia pesa halivuji tena. Sasa linavuja la chumbani. Mama anasema maji nayo yana akili, yamehama tu.

Naandika, sipigi simu, kwa sababu mwaka ule nilipopiga uliniambia neno la simu halina risiti. Basi risiti ndiyo hii.

Mjomba, nimepata nafasi chuo cha uchomeleaji. Ni kilomita 23 kutoka mlangoni kwetu, mabasi mawili, na mwalimu wa karakana hufunga mlango saa mbili kamili, awe nani awe nani. Mwezi uliopita nimetimiza miaka kumi na minane. Leseni ya pikipiki nimefaulu (mara ya pili, mara ya kwanza niliangusha koni, usimwambie mtu). Nina laki tisa, zote za kushona vifungo na pindo likizo nne mfululizo.

Kuna pikipiki mbili. Moja nyekundu, cc 250, ukiiwasha mtaa mzima unageuka. Nyingine ya buluu, cc 125, ya mwalimu mstaafu, inakohoa kama mama mwezi uliopita. Moyo uko kwenye nyekundu. Wewe ndiye uliyekula na kulala kwa sababu ya pikipiki, niambie.

Mama anaongeza mstari wake hapa chini kama kawaida.

Mpwa wako

*Mdogo wangu, mwambie hapana. Wewe atakusikia.*

---

19 Januari

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata, ya kwanza baada ya miaka miwili na miezi minne. Sikulaumu, nahesabu tu. Mgongo upo palepale ulipokuwa. Duka limefungua, wateja watatu wa mwanzo wote walitaka kukopa plagi.

Mimi nilipokuwa na umri wako hakuna aliyeniuliza nyekundu au buluu. Babu yako aliuza kiwanja. Nusu ya pesa ilikuwa ada yangu ya shule. Ikawa cherehani ya mama yako, hiyohiyo ya kukanyaga iliyopo hapo dirishani. Mimi nikapewa nauli ya kwenda. Ya kurudi niliitafuta mwenyewe, nikiosha injini za watu kwa petroli mpaka kucha zikabanduka. Leo nina duka la spea na mafundi wawili. Silalamiki.

Sasa sikiliza. Nyekundu itakuua kabla hujaizoea. Chukua ya buluu, lakini usiichukue kama mtu anayechukua zawadi. Ikalie kwanza: nyayo zote mbili zifike chini, si vidole. Vuta mnyororo kwenye gurudumu la nyuma. Ukiachia nafasi ukaona nusu ya jino la gia, mnyororo umekwisha. Kwenye tairi kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka ilipotengenezwa. Ikizidi miaka mitano akupunguzie bei. Na injini uiguse kabla ya salamu. Ikiwa ya moto, mwenyewe ameipasha mapema kuficha ugonjwa. Mgonjwa hupimwa akiwa baridi.

Helmeti usinunue mtumba hata ukipewa na malaika. Helmeti ni yai. Likishaanguka limekwisha, ganda lionekane zima lisionekane. Ikubane mashavu mpaka uongee kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Nikisikia umepanda na kandambili, nitakuja mwenyewe kuzichoma.

Sheria zangu ni mbili. Ya kwanza: daftari. Kila safari uandike tarehe, kilomita, mafuta, na siku uliyopaka mnyororo grisi. Mimi nilidhulumiwa mshahara miaka sita kwa sababu sikuandika. Daftari ndilo litakalokutetea siku ya shida. Ya pili: miezi sita usipakie mtu. Abiria ni mzigo unaopumua na kuogopa. Wewe unalala na kona, yeye anavuta upande wa pili.

Bima nenda ukaulize bei, uniandikie. Usilipe.

Mjomba wako

---

1 Februari

Mjomba, shikamoo.

Mama ameshona madirisha sita, mgongo unamuuma kama wako, mnafanana mpaka maumivu. Amekupa jina jipya, Risiti. Nimekataa kukuambia, lakini ndiyo hivyo.

Pikipiki ni ya buluu. Nilipofika kwa mwalimu nikaigusa injini kabla ya kumwamkia. Ya moto! Nikamwambia, "Mwalimu, mgonjwa ana homa, nitarudi ikishuka." Kesho yake nikatokea bila taarifa, bado anapiga mswaki. Ikawaka kwa teke la pili, ikakohoa, ikatulia. Tairi la nyuma lina miaka saba. Alitaka laki saba, nimempa laki sita na arobaini, akaniuliza nani amenifundisha. Nikasema Risiti.

Tatizo ni bima. Dada wa dirishani aliniuliza umri, nikamwambia, akaniangalia kama aliyeambiwa nina ugonjwa usiopona. Bima ya kulipa utakaowaumiza, pamoja na abiria, ni 412,000 kwa mwaka. Nikauliza, na angekuwa mwanamume wa miaka 47, leseni safi? Akabonyeza bonyeza: 138,000. Pikipiki ileile, barabara ileile.

Nimebaki na 260,000, na helmeti bado.

Mpwa wako

*Kununua umemshauri vizuri. Sasa mshauri asipande.*

---

9 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwambie mama yako Risiti anamsalimia.

Nimepiga hesabu mara tatu. 412,000 kutoa 138,000 ni 274,000. Hiyo ni faini ya kuzaliwa juzi. Mimi siilipi, na wewe huilipi.

Nimekwenda tawi la huku nikakata bima kwa jina langu. Mwenye pikipiki mimi, mpandaji mkuu mimi. 138,000 nimetoa mfukoni, na abiria yumo, kwa sababu kumtoa kungepunguza elfu nne tu. Ukiulizwa: pikipiki ni ya mjomba, umeiazima siku hiyo. Basi. Huo si wizi. Wizi ni kumtoza mtoto mara tatu ya mtu mzima.

Ile tofauti nimeitumia hivi: helmeti mpya 95,000, koti lenye pedi za viwiko na mabega 88,000, buti zinazofunika kifundo 60,000, glavu 22,000. Jumla 265,000. Kifurushi kinakuja kesho na lori la tairi. Zilizobaki elfu tisa nimenunua daftari gumu na kalamu tatu. Usije ukasema kalamu iliisha wino.

Mwambie dada kwamba safari hii kila mtu amepata chake.

Mjomba wako

---

28 Machi

Mjomba, shikamoo.

Koti linanitosha, buti zimenizidi nusu inchi nimejaza soksi. Helmeti inanibana mpaka siwezi kutafuna ubani. Chuoni wananiita Rubani. Mwalimu wa karakana alinikuta mlangoni saa moja na nusu, akatazama saa yake, akaitingisha.

Sijui nikuambie nini kuhusu asubuhi, Mjomba. Ule mteremko wa kiwanda cha matofali, barabara haina mtu, injini imepata joto haikohoi tena, nahisi kama nimekopeshwa maisha ya mtu tajiri. Halafu naingia gia ya chini nakumbuka wewe.

Daftari naandika kila siku. Kilomita 46, kilomita 46, kilomita 46. Siku moja 49, nilipitia kwa fundi tairi.

Mama alikuwa akinisindikiza mpaka nje kila asubuhi na kuishikilia pikipiki kwa nyuma, kama anazuia mbuzi. Juzi hakutoka. Nilimsikia ndani anakanyaga cherehani na anaimba.

Mpwa wako

*Mdogo wangu, pikipiki haijaninunia bado, na mimi nimeanza kuizoea. Madirisha yamebaki manane. Helmeti ni nzuri. Asante.*

---

24 Mei

Mjomba, shikamoo.

Natumaini u mzima na duka linaendelea. Huku mvua zimepungua. Paa la chumbani limezibwa na jirani. Chuoni tumefika kuchomelea bomba, ni kazi ngumu lakini inafundishika.

Nilikuwa nataka kukuuliza kitu. Kuna mwanafunzi mwenzangu ana pikipiki, na alimpakia mtu, wakaanguka, na yule mtu ameumia mguu. Bima yao kama yetu. Anauliza, huwa wanalipa baada ya muda gani? Kwa sababu daktari ametaka chuma kiwekwe mapema, na kwao wanafikiria kuuza vitu vya ndani.

Ni hayo tu. Mama anakusalimia.

Mpwa wako

---

5 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imenifikia tarehe 29. Sikujibu siku hiyo, nilikuwa na mzigo wa tairi bandarini.

Mwambie huyo mwanafunzi mwenzako kwamba bima inalipa. Mtu halipii kitu halafu akalipia tena mfukoni. Wiki tatu, nne, si zaidi, ikiwa karatasi ziko sawa na kila mtu amesema neno moja. Kwao wasiuze chochote. Anayeuza kwa haraka huuza nusu bei, na mimi najua kilichouzwa kwetu kwa haraka. Wasubiri.

Mbona mama yako hajaandika mstari wake? Miaka yote hiyo hajawahi kuacha, hata pale alipokuwa amenikasirikia aliandika "Nimekasirika." Wewe umeandika "anakusalimia." Salamu zake huandika mwenyewe.

Mjomba wako

---

21 Juni

Mjomba, shikamoo.

Mwanafunzi mwenzangu ni mimi.

Ilikuwa tarehe 9 Mei, Jumamosi. Mapazia yalikuwa tayari, yote ishirini na manane. Gari la kukodi halikuja na ukumbi ulikuwa na shughuli saa sita. Nilimwambia mama kuhusu miezi sita. Akasema, "Miezi sita ni ya Risiti, tenda ni ya leo." Mapazia tukayafunga nyuma. Helmeti yako nilimvisha yeye, mimi nikaazima ya jirani. Alicheka, akasema anasikia mapigo ya moyo wake humo ndani.

Kwenye kona ya kiwanda cha matofali kulikuwa na mchanga uliomwagika. Nililala na kona. Yeye akavuta upande wa pili. Kama ulivyoandika, Mjomba, neno kwa neno. Nilihisi uzito ukiondoka, nikajua kabla hatujagusa chini.

Mimi nimechubuka tu. Pikipiki ilimwangukia yeye. Mfupa wa paja umevunjika juu ya goti. Helmeti ilifanya kazi yake, ndani imepasuka kama yai, kichwa chake hakina hata alama. Nilitaka ujue hilo.

Daktari alisema chuma kiwekwe ndani ya wiki tatu, milioni tatu na laki sita. Nilikwenda tawi la bima tarehe 18 na karatasi yako. Afisa aliniuliza, mpandaji ni nani. Nilikuwa nimekwenda na daftari. Sikuwaza kama hiyo ni kusema kweli au kusema uongo, wallahi. Nilikuwa sijalala siku tisa, na kichwani ilikuwamo sentensi moja tu, daftari ndilo litakalokutetea. Nikaliweka mezani. Alifungua ukurasa baada ya ukurasa. Siku hamsini na nane za kwenda chuo, mwandiko wangu. Mstari wa mwisho nilikuwa nimeuandika hospitalini, kwa sababu ulisema kila safari: *9 Mei, kilomita 7, pamoja na mama, hatukufika.* Akaomba apige nakala.

Mama alitaka kuuza cherehani ile wiki ya mwisho wa Mei. Mnunuzi alifika mpaka mlangoni na pesa mkononi, haikutosha yote lakini ilikuwa mwanzo, na hospitali walikuwa tayari kuanza kwa nusu. Nikamwambia tungoje jibu la Mjomba. Barua yako ikasema wasubiri. Nikamsomea. Tukasubiri.

Tarehe 15 wametujulisha kwamba hawalipi. Wamesema kuna maelezo mawili yanayopingana. Sijui la pili ni la nani.

Nilikupigia siku ile ya ajali, mara mbili. Ulipokea ukasema, "Duka la spea, sema unataka nini." Nikakata.

Mama amelala, ndiyo maana hakuna mstari.

Mpwa wako

---

1 Julai

Mpwa wangu,

Barua hii naianza mara ya nne.

Maelezo ya pili ni yangu. Afisa alinipigia tarehe 20 Mei saa nne asubuhi, mteja yuko mbele yangu. Akaniambia kuna ajali, mama mmoja amevunjika mguu, akataja jina lake. Akaniuliza kama mimi ndiye mpandaji wa kila siku. Nikasema ndiyo, na kwamba binti aliiazima siku hiyo tu. Niliona ndiyo njia ya kuwafanya walipe. Yeye alikuwa na nakala ya daftari mbele yake na hakusema kitu. Alinishukuru.

Kwa hiyo uliponiandikia habari za mwanafunzi mwenzako, nilikuwa najua ni nani. Simu zako zote mbili nilijua ni wewe, nilisikia unavyopumua. Hata baada ya tarehe 20 sikupiga, kwa sababu nikipiga ningelazimika kuuliza, na nikiuliza ningelazimika kutoa.

Nilikuwa nazo. Hili naliandika ili liwe na risiti. Milioni tatu na laki sita zilikuwa kwenye sanduku la dukani, za mzigo wa Juni. Nilizihesabu tarehe 20 usiku, na tena asubuhi yake. Nikasema, nimelipa bima, kwa nini nilipe mara mbili? Kila siku nikasema kesho watalipa. Siku kumi na tisa nimesema hivyo, mpaka tarehe 8 Juni barua yao ya kukataa ikafika kwangu, kwa kuwa bima ni yangu. Nikaiweka chini ya sanduku. Nikanyamaza tena wiki tatu, hizo sina hesabu yake ya kukupa.

Hela nimezituma leo, zote. Nenda nazo kwa daktari kesho asubuhi, usingoje barua nyingine.

Miezi sita ilikuwa sheria yangu na wewe uliivunja. Nilikuwa nimeandika hilo kwenye barua ya kwanza niliyoichana. Nalisema sasa kwa sababu najua unalisema mwenyewe kila siku. Acha. Anayestahili kulisema si mimi.

Mwombe dada aniandikie mstari mmoja. Hata ule wa "Nimekasirika."

Mjomba wako

---

30 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Sisi tupo. Natumaini na wewe upo.

Hela zilifika tarehe 4 Julai. Tulikwenda kwa daktari siku hiyohiyo, mama kwenye kiti cha magurudumu cha kuazima. Alipiga picha, akaiweka kwenye taa, akaizungusha. Mfupa umejiunga wenyewe, umepinda. Kuuvunja upya ni hatari kwa umri wake, bei ni karibu mara mbili, na goti huenda lisikunje hata hivyo. Mama aliuliza swali moja tu, kama kuna kazi ya miguu ataweza kufanya. Daktari akasema atatembea na mkongojo. Mama akasema hakuuliza kutembea.

Sasa mguu ni mfupi kwa vidole vitatu na haukunji. Cherehani yetu unaijua, inataka miguu miwili inayokunja.

Nilijaribu, Mjomba. Nilichomelea mpini wa kuzungusha kwa mkono, nikaufunga kwenye gurudumu. Kazi nzuri, mwalimu wangu mwenyewe aliisifu. Mama alishona nayo alasiri moja. Mkono mmoja unazungusha, mmoja unaongoza kitambaa, na mshono ukawa unatambaa kama mlevi. Alikata uzi, akalitazama lile pindo, akafunika cherehani kwa shuka. Kesho yake niliufungua ule mpini nikaupeleka chuma chakavu.

Chuo nimeacha. Nachomelea mageti kwenye karakana ya mtaa wa nyuma, nakwenda kwa miguu. Pikipiki imeuzwa vipande. Helmeti ninayo, sijui kwa nini.

Hela zako zinarudi leo, zote, stakabadhi nimeibandika nyuma ya barua hii. Nilimwambia mama tunazihitaji, na ni kweli, deni la kitanda cha hospitali bado. Akasema, "Zile zilikuwa za Mei."

Barua yako ya Julai nilimsomea mwanzo mpaka mwisho. Sikuruka kitu. Alinitaka nirudie pale penye siku kumi na tisa. Halafu akaniambia nitafute lori la tairi, lile linalokuja huku na mizigo yako, nimuulize dereva anarudi lini. Anarudi Jumatatu. Majirani wawili wamenisaidia kuipakia cherehani. Tumeizungushia mapazia mawili, ya sampuli, mbao zisichubuke.

Nimemwachia nafasi hapa chini. Amekaa na karatasi tangu asubuhi.

Mpwa wako

*Mdogo wangu, ada yako ya shule, hiyo inakuja. Nimeitia mafuta. Kanyagio halina tatizo.*